Je, Wajua? Hewa ya Turbo Hugawiwa na Nani

Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika humeza takribani lita 6,000 za hewa katika dakika hiyo moja. Ni ujazo wa matangi sita ya maji, yale ya lita 1,000. Turbo ikiongeza msukumo wa baa 1, uzito wa hewa hiyo hukaribia maradufu, mradi ipoozwe.

Je, wajua kwamba mgawaji wa hewa yote hiyo ni manifoldi? Ni chumba kimoja chenye vijibomba, kila silinda na chake.

Je, wajua kwamba upendeleo huunguza pistoni? Kwa kawaida kila silinda hupewa petroli sawa. Iliyopata hewa ya ziada hubaki na petroli haba, joto hupanda, injini ikaanza kugonga.

Na hewa ina haraka: huvipita vijibomba vya mlangoni ikajazana mwisho wa chumba. Ndiyo maana manifoldi nyingi za turbo huwa pana mlangoni na nyembamba mwishoni.

Je, wajua kwamba pampu ya hewa iliyokuja kuwa supachaja, kisukuma hewa kinachozungushwa na injini yenyewe, ni kongwe kuliko gari? Ndugu wawili wa Indiana, Marekani, Philander na Francis Roots, walisajili mashine yao ya kupuliza hewa mwaka 1860. Benz alisajili gari lake mwaka 1886. Turbo ilifuata mwaka 1905, kazi ya Mswisi Alfred Büchi.

Je, wajua kwamba Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962 ilibeba tangi la maji yaliyochanganywa na methanoli, ya kupooza hewa ya turbo? Leo baadhi ya injini za Volkswagen huwa na intakula, yaani kipoza hewa, ndani ya manifoldi yenyewe.

Je, wajua kwamba hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita? Gari lisilo na turbo hulihisi pengo hilo, turbo huliziba.

Neno la mwisho kwa mwenye dizeli: ukikanyaga mafuta mlimani ukasikia mluzi na kuona moshi mweusi, usikimbilie kununua turbo. Mwambie fundi aanze na vibano vya mipira ya hewa na gasketi ya manifoldi. Mara nyingi hewa hutorokea hapo.