Kigezo cha Maslahi katika Mjadala wa Kennan na Nitze: Sera ya Marekani kuhusu Umoja wa Kisovieti, 1946–1950

Makala hii inachunguza mjadala uliozuka ndani ya serikali ya Marekani kati ya mwaka 1946 na 1950 kuhusu namna ya kukabiliana na Umoja wa Kisovieti. Wahusika wake wakuu, George Kennan na Paul Nitze, huelezwa mara nyingi kama mpenda amani na mpenda vita. Mgawanyo huo haukidhi. Wote wawili walikubali kwamba nguvu za Moscow zilipaswa kuwekewa mpaka. Walichotofautiana ni kigezo cha kuamua ni sehemu zipi za dunia zinazostahili kulindwa, na kwa gharama gani.

Istilahi ya sera yenyewe inaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili kuwa “kuzuia” au “kudhibiti”, na uteuzi huo si jambo dogo. Anayezuia huweka kizuizi kila mahali mpinzani anapojitokeza. Anayedhibiti hutosheka kumnyima mpinzani nafasi ya kujikusanyia nguvu za kutishia. Kennan alikusudia maana ya pili, lakini kwa bahati mbaya aliandika kana kwamba alikusudia ya kwanza.

Simu yake ndefu kutoka ubalozi wa Moscow ilitumwa tarehe 22 Februari 1946. Mnamo Julai 1947 alichapisha makala katika jarida la Foreign Affairs kwa jina la “X”, akidai kwamba shinikizo la Kisovieti likabiliwe kwa shinikizo kinzani popote litakapohamia. Miezi minne kabla, tarehe 12 Machi, Rais Truman alikuwa ameliomba Bunge dola milioni 400 kwa ajili ya Ugiriki na Uturuki, kwa lugha iliyoahidi kuyasaidia mataifa huru yote. Wasomaji waliichukulia makala ya “X” kuwa ufafanuzi wa hotuba hiyo, ilhali Kennan mwenyewe, akiwa ofisini, alikuwa ameulalamikia upana wa lugha yake. Mwanahabari Walter Lippmann alijibu kwamba sera ya namna hiyo ingemwachia mpinzani achague uwanja wa mapambano, na kuilazimisha Marekani ibebe msururu wa washirika dhaifu. Kwa maoni yangu, Lippmann aliyasoma vyema maneno yaliyoandikwa. Hakuweza kuyajua yale ambayo mwandishi aliyaacha.

Yaliyoachwa yanadhihirika katika mihadhara ya Kennan ya kipindi hichohicho. Alitaja vituo vitano tu vya nguvu za viwanda vyenye uwezo wa kuzalisha vita vya kisasa: Marekani, Uingereza, Ujerumani pamoja na Ulaya ya kati, Japani na Umoja wa Kisovieti. Kimoja kilikuwa mikononi mwa mpinzani. Kazi ya sera ilikuwa kuhakikisha vingine vinne haviangukii huko. Njia alizopendelea zilikuwa za kiuchumi na kisiasa.

Mwaka 1949 uliutikisa mpango huo. Wasovieti walilipua bomu lao la kwanza la atomiki tarehe 29 Agosti, na Oktoba ikatangazwa Jamhuri ya Watu wa China. Mwanzoni mwa 1950 Nitze alishika nafasi ya Kennan ya kuongoza kitengo cha mipango ya sera katika Wizara ya Mambo ya Nje, na Aprili ikakamilika Hati Namba 68 ya Baraza la Usalama wa Taifa. Hoja yake kuu ni kwamba kushindwa kwa taasisi huru popote ni kushindwa kila mahali. Hapa ndipo kigezo kilipobadilika: thamani ya eneo haikupimwa tena kwa viwanda vyake, bali kwa athari ya kuanguka kwake katika imani ya washirika. Kwa kigezo hicho hakuna eneo dogo. Charles Bohlen alipinga jinsi hati ilivyoyaeleza malengo ya Moscow, lakini upinzani huo haukuigeuza.

Vita vya Korea vilianza tarehe 25 Juni 1950, na Truman akaiidhinisha hati hiyo Septemba. Bajeti ya ulinzi, iliyokuwa imepangwa kuwa takriban dola bilioni 13, iliongezeka zaidi ya mara tatu. Hata hivyo, si sahihi kudai kwamba Korea ilithibitisha hoja ya Nitze dhidi ya Kennan. Kennan aliunga mkono kuitetea Korea Kusini, kwa kuwa iko jirani na Japani. Alichokipinga ni majeshi kuvuka latitudo ya 38 kuelekea kaskazini.

Tofauti ya vigezo inaonekana wazi zaidi mahali pasipo na viwanda. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, maafisa wa Marekani walihofia kisiwa hicho kugeuka Cuba ya Afrika. Kwa orodha ya vituo vitano, hofu hiyo haina msingi. Kwa mantiki ya Hati Namba 68, inaeleweka kabisa.

Mnamo Februari 1966 Kennan aliiambia Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti kwamba Vietnam haikuwa na uzito wa kustahili vita vile. Wengi waliona anaikana sera yake mwenyewe. Hati Namba 68 ilibaki siri hadi 1975. Kabla ya hapo, makala ya “X” ndiyo iliyokuwa wazi kusomwa na kulaumiwa.