Sabufa ya Wati Ngapi?

"Ninunue sabufa ya wati ngapi ili besi igonge?" Swali hili huulizwa na walimu, na madereva wa bodaboda, na hata wahandisi wa umeme, ambao hawana udhuru. Nikiwauliza chumba chao kina ukubwa gani, wanadhani nakwepa.

Tuanze na boksi. Pita maduka ya Kariakoo, utakuta sabufa ya ukubwa wa ndoo iliyoandikwa PMPO 10,000. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na fyuzi ya plagi yetu ya miguu mitatu haizidi ampea 13. Zidisha: wati 2,990. Plagi hiyo haina zaidi ya hapo, uchomeke unachotaka. Sabufa yenye wati 10,000 za kweli ingekata fyuzi kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio. Isitoshe, nyingi zinakuja na waya mwembamba wa miguu miwili kama wa redio! Igeuze usome kibandiko cha nyuma, kile chenye maandishi madogo: utakuta wati 40, 60, pengine 80. Pasi yako inakula zaidi ya mara kumi ya hizo. Spika haiwezi kuendelea kutoa nguvu zaidi ya inayoingia kwenye waya, na sehemu kubwa ya hiyo inayoingia huishia kuwa joto.

PMPO, hiyo nguvu ya kilele inayotangazwa kwenye boksi, haina kipimo kimoja kinachokubalika. Kila kiwanda hujipangia chake. Marekani walichoshwa na mchezo huu zamani, na mwaka 1974 Tume ya Biashara ya nchi hiyo ikatoa kanuni ya kuwabana watengenezaji wa amplifaya wataje nguvu ambayo kifaa hutoa mfululizo. Kwenye boksi, namba ya kutazama ni ile ya RMS, yaani ya hiyo nguvu ya mfululizo. Usipoiona, muulize muuzaji, umtazame usoni anapojibu.

Haya, tuseme wati ni za kweli na umetoka 50 ukaenda 100. Umeongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo wageni wako hawataigundua mpaka uwaambie. Sikio halihisi sauti imekuwa kubwa maradufu hadi iongezeke kwa desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi: kutoka wati 50 hadi 500. Piga hesabu ya bei mwenyewe.

Na hata ukizipata, chumba kinakusubiri. Chukua kile cha futi 10 kwa 12 ambacho wengi tunaishi ndani yake. Wimbi la besi la hezi 47 lina urefu wa mita 7 na ushee, mara mbili ya upande mrefu wa chumba hicho. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lenzake linalokuja. Matokeo yake, besi inajaa karibu na kuta hizo mbili na kufifia kabisa katikati. Upande wa futi 10 unafanya vivyo hivyo kwenye hezi 56. Kuta zetu za tofali na plasta zinarudisha karibu besi yote, kwa hiyo hali inakuwa mbaya zaidi. Baba aliyekaa katikati analalamika sabufa haina besi, mtoto aliyelala kwenye kona anatetemeka. Mwongezee baba wati: atakayezipata ni mtoto.

Wanaobandika trei za mayai ukutani nao wanisikilize: trei ina kina cha sentimita chache, wimbi lina mita 7. Besi haina habari nayo. Karatasi ile ni hodari wa kushika moto tu.

Fanya hivi. Weka sabufa kwenye kiti unachokaliaga, piga wimbo ambao besi yake inapanda na kushuka, kisha zunguka chumba ukiwa umeinama. Utakapoisikia sawasawa bila noti moja kuvimba, iweke hapo. Vuta kochi litoke ukutani, lakini lisifike katikati ya chumba. Kagua nyaya: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, maana spika moja ikigeuzwa, mbili zinavutana na besi inakufa. Spika ndogo zishuke kutoka juu ya kabati ziwe usawa wa masikio. Kama kuna kitufe cha kugawa masafa, anzia hezi 80. Kitufe cha besi kirudi katikati; ukikijaza, amplifaya inaishiwa nguvu na sauti inakwaruza. Ukisikiliza kwa sauti ya chini besi itapungua, na hapo si kosa la spika: ndivyo sikio lilivyo, watafiti Fletcher na Munson walilipima wakachapisha mwaka 1933. Usiku ongeza besi kidogo, basi.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachodai shilingi. Vimalize vyote kwanza. Ukiwa bado hujaridhika, njoo uniulize koni ya spika iwe ya inchi ngapi. Swali hilo nitalijibu.