Marekani: Kwenye mpira wa mezani wa umeme, ugomvi unaanza mashini ikisimama

Kocha anabonyeza kifungo, kiwanja cha bati kinaanza kutetemeka, na wachezaji 22 wa plastiki wanasogea wote kwa mara moja. Kisha kocha anazima umeme na kusema: «Mwenye mpira anamtupia mwenzake.» Mpinzani wake anakataa: mchezaji huyo alikuwa amekwisha kuguswa. Nani ana haki?

Ubishi wa namna hiyo unajulikana sana kwa Wamarekani wanaocheza mpira wa Kimarekani wa mezani. Mchezo huu ulitoka kwenye kampuni Tudor Metal Products ya New York, ambapo injinia Norman Sas aliutengeneza mwishoni mwa miaka ya 1940. Uliingia sokoni mwaka wa 1949. Mwaka wa 1967, Tudor ilipata ruhusa ya kutumia rangi na alama za timu za NFL, ligi kubwa ya inchi hiyo. Sas alifariki mwaka wa 2012, akiwa na miaka 87. Leo, wengi wanaoushikilia mchezo huu ni watu wazima walioupenda tangu utotoni. Wanapaka wachezaji wao rangi wenyewe na kushindana katika ligi ndogondogo.

Namna unavyofanya kazi ni rahisi. Chini ya bati kuna mota ndogo inayolitetemesha. Kila mchezaji amesimama juu ya kitako chenye miguu midogo ya plastiki, na mtetemo unaisukuma. Zamani wachezaji walizunguka-zunguka ovyo, na watoto wengi walichoka nao. Baadaye vikaja vitako vyenye kidude cha kuzungusha ili kuchagua upande wa kwenda. Lakini tofauti na baby-foot, hapa hakuna mkono unaomwongoza mchezaji. Ukishawasha, unabaki kuangalia tu.

Juu ya hiyo, mbinu moja ya mpira wa Kimarekani inaleta shida kubwa: mchezo wa chaguo. Kwenye uwanja wa kweli, kiongozi wa mashambulizi, yaani kwotabeki, anakimbia na mpira kuelekea pembeni huku mwenzake akimfuata kwa ubavu. Timu yake inamwacha makusudi mlinzi mmoja bila kumzuia. Mlinzi akimjia kwotabeki, mpira unatupwa kwa mwenzake. Akimfuata mwenzake, kwotabeki anaendelea nao mwenyewe. Mlinzi akichagua hili ao lile, anaweza kukosea. Chuo kikuu cha Texas kilianza kutumia aina moja ya mbinu hiyo mwaka wa 1968, na baada ya mechi mbili bila ushindi kikashinda mechi 30 mfululizo.

Sasa, mchezaji wa plastiki hana macho. Anayeona ni kocha, naye anaona kiwanja kizima kutoka juu. Akiruhusiwa kuzima mashini wakati wowote anaotaka, atangoja mpaka mlinzi awe amekwisha kupita, kisha atahamisha mpira. Mlinzi wa plastiki hawezi kugeuka peke yake, kwa hiyo ulinzi umekwisha kushindwa. Lakini kocha akilazimishwa kuandika uamuzi wake kwenye karatasi kabla ya kuwasha, hakuna chaguo tena. Imekuwa ni kubahatisha.

Kanuni nzuri inatafuta njia ya katikati. Kwanza, mashambulizi yanapewa nafasi moja tu ya kusimamisha mashini ili kutupa mpira. Pili, anayepokea awe sambamba na mwenye mpira ao nyuma yake, kama kwenye uwanja wa kweli. Tatu, umbali unapimwa, ili mpira usiruke kiwanja kizima. Nne, kama sehemu ya mbele ya kitako cha mlinzi imekwisha kumgusa mwenye mpira, mchezo umekwisha na hakuna la kutupa.

Ya tano ndiyo inayoleta usawa: kabla ya kuwasha tena, kocha wa ulinzi naye anaruhusiwa kugeuza walinzi wake papo hapo walipo, waelekee kwa mwenye mpira mpya. Kwa njia hiyo, kila upande umepata kuona na kuamua mara moja. Mashambulizi yanabaki na faida ya kuanza, lakini ulinzi haubaki kama sanamu.

Kunabaki suala la hatari. Kwenye mpira wa kweli, mpira uliotupwa nyuma ukianguka, yeyote anaweza kuuokota. Mezani, bila kanuni ya kuangusha mpira, kutupa kunakuwa zawadi ya bure, na kila kocha atakutumia kila mara.

Ligi hazilingani katika mambo haya, na hakuna kitabu kimoja kinachowafunga wote. Watoto wanaocheza kabumbu barabarani Goma ao Bukavu wanajua dawa yake: goli ni mawe mawili, hakuna mwamba wa juu, kwa hiyo urefu wa goli unakubaliwa kabla ya mpira kuanza. Anayesubiri mpaka mpira upite juu ya kichwa cha kipa ndipo aulize, amechelewa. Mezani ni vile vile. Kanuni ya mchezo wa chaguo inakubaliwa mashini ikiwa bado imezimwa, wakati hakuna anayejua nani itamfaidisha.