Mtoto Si Ng'ombe wa Mahari

Katika Ugogo, tangu zama za mababu, ndoa ilifungwa kwa ng'ombe na mbuzi, na mifugo hiyo haikutoka katika zizi moja wala haikuingia katika zizi moja. Ndugu na wajomba wa pande zote mbili walitoa na kupokea. Kwa hiyo mume na mke walipokosana, kila aliyepata fungu lake alikuwa na sababu ya kutaka wapatane. Ugumu ulikuja pale wazee waliposhindwa. Hapo ng'ombe walihesabiwa, na watoto nao wakahesabiwa. Hata Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliwahesabu watoto kuwa ni wa baba, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuja na neno jingine: ustawi wa mtoto hutangulia. Mila za wazazi huangaliwa, matakwa yao huangaliwa, na mtoto aliyefikia umri wa kutoa rai yake husikilizwa. Lakini yote hayo hufuata nyuma. Mtoto aliye chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa anafaa kukaa na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vingine, na mahakama hutakiwa ikumbuke ubaya wa kumhamisha-hamisha.

Sheria hiyo hiyo iliweka Mabaraza ya Usuluhishi wa Ndoa. Baraza huwa na mwenyekiti pamoja na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Wakili hana nafasi mbele yake. Isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile mwenzi kutoroka asijulikane alipo, hakuna awezaye kuomba talaka mahakamani bila ya kwanza kupita barazani na kupata hati kwamba usuluhishi umeshindikana, nayo isiwe imepita miezi sita.

Ndugu msomaji, hapa ndipo tunapolalamika. Wako waendao barazani kama waendao kuchukua stakabadhi, na wako wajumbe waandikao "imeshindikana" kabla kiti hakijapata joto. Wengine hudai baraza liwagawie nyumba na watoto, jambo lisilo katika uwezo wake. Lakini hati ile yapasa kueleza baraza limeona nini, na sheria huliruhusu liongeze mapendekezo. Wajumbe waliokaa na wagomvi mchana kutwa wanajua mengi ambayo hakimu hatayaona, wasipoyaandika, yanapotea.

Kwa Dodoma ya leo jambo hili ni zito zaidi. Tangu ulipokatwa shauri mwaka 1973 kuufanya mji huu makao makuu, na hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, wamekuja watu wa kila mkoa. Mume aweza kuwa Mhaya, ambaye kwao mtoto ni wa ukoo wa baba; mke aweza kuwa Mmakonde wa Newala, ambako kwa asili ukoo ulifuatwa kwa mama. Mila ipi itamwamua mtoto aliyezaliwa Chang'ombe au Nkuhungu? Wazee waliopokea mahari wako mbali, na nauli ni ghali. Baraza la kata ndilo lililobaki kuwa mti wa kukalia.

Tena yuko afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Ndoa inaitaka mahakama, kila iwezekanapo, ipate ushauri wa mtu mwenye ujuzi wa malezi, ingawa haifungwi nao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaleta taarifa ya uchunguzi wa jamii, kadhalika ikasema yafaa ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe. Afisa huyo apewe usafiri afike nyumbani. Aone mtoto analala wapi, nani humwamsha kwenda shule, na kama bibi anayetajwa kuwa mlezi ana nguvu bado za kuchota maji. Taarifa iliyoandikwa mezani kwa maneno ya mzazi mmoja ni afadhali isiandikwe.

Na mzazi aliyekosa malezi asidhani mlango umefungwa. Ikiwa amri ilitolewa kwa maelezo yasiyo ya kweli, au hali ikibadilika sana, mahakama yaweza kuibadili amri hiyo wakati wowote, baada ya maombi.