Maana na Matumizi ya Neno "Ukarimu"

Neno ukarimu latumika sana katika ibada zetu, hasa wakati wa sikukuu ya mavuno na siku za harambee, lakini ni mara chache tunatua kulitafakari. Asili yake ni Kiarabu. Karimu ni muungwana, mtu wa heshima, naye hutambulikana kwa mkono wake ulio wazi. Katika shina hilo hilo tumepata karama, karamu na takrima. Kwa hiyo kukirimu si kutoa tu. Ni kumheshimu yule apokeaye.

Kiebrania nacho kina neno la namna hiyo, nadibu, yaani mtu mkuu na pia mtu atoaye kwa hiari. Katika sura ya 32 Nabii Isaya aona mbele siku ambayo watu wasiolistahili watanyang'anywa jina hilo. Bila shaka katika siku zake walikuwa wakiitwa hivyo!

Sisi nasi tumeyaona. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa, mgombea akaruhusiwa kuwakirimu wapiga kura kwa kisingizio cha mila. Takrima, neno zuri la kumpokea mgeni, likageuka kuwa vazi la rushwa, hata Mahakama Kuu ilipoibatilisha ruhusa hiyo mwaka 2006. Jambo hili si geni: wafalme wa Kiyunani wa Misri walijiita Euergetes, Mfadhili, na Bwana Yesu aligusia desturi hiyo mezani pamoja na wanafunzi wake (Luka 22:25).

Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 8 na 9, atumia neno haplotes. Maana yake ya kwanza ni hali ya kuwa kitu kimoja, pasipo mkunjo. Mkononi hamna kitu kilichofichwa. Tena Wamakedonia aliowasifu walikuwa maskini. Uungwana wao haukutoka katika mali.

Nilipokuwa mchungaji wa usharika nilizoea kusoma madhabahuni majina ya watoaji pamoja na kiasi cha kila mmoja, nikianza na wakubwa, ambao niliwaita wakarimu. Waliobaki niliwaita "na wengineo". Jumapili moja mama mjane, aliyekuwa ameleta mayai matatu, alinisubiri mlangoni. Aliniuliza kwa upole, "Baba Mchungaji, hao wengineo ni akina nani?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nasoma jumla tu.