Presha Inapopanda Ngazi

Mama wa miaka 58 aliketi mbele yangu, mkono wake mezani, akisubiri mashine ijaze upepo na kuutoa. Ilisoma 134 kwa 78. "Alhamdulillahi, daktari mwanangu, sina presha," akasema, akaanza kujifunga mtandio. Shida iliyomleta ilikuwa nyingine: akipanda ngazi za kwa binti yake, ghorofa ya tatu, kichwa humgonga na pumzi humwishia.

Nikampandisha kwenye mashine ya kutembelea. Dakika ya sita, akienda mwendo wa mtu anayewahi daladala, namba ya juu ilifika 214. Ya chini ilikuwa 80.

Presha kupanda wakati wa kazi si ugonjwa. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu zake zote zinaweza kufika 20. Damu yote hiyo haiwezi kupita bila namba ya juu kupanda. Ya chini hubaki palepale au hushuka kidogo, maana mishipa midogo ya misuli inayofanya kazi hufunguka. Tunachotazama ni kiasi. Mazoezini, mwanamke akifika 190 au mwanamume 210, wengi wetu tunaona imevuka mpaka, na mara nyingi aota imekakamaa.

Aota ndiyo ateri kuu inayotoka moyoni. Moyo ukipiga, aota hutanuka na kuhifadhi sehemu ya damu. Moyo ukipumzika, hujikaza na kuisukuma mbele. Stephen Hales, kasisi Mwingereza aliyepima presha ya farasi na kuchapisha kazi yake mwaka 1733, aliifananisha na chumba cha hewa cha pampu za zimamoto za enzi zake: pampu inasukuma kwa vishindo, lakini maji yanatoka mfululizo. Chumba hicho kikikakamaa, kishindo chote kinakwenda moja kwa moja kwenye ubongo na figo, vyenye mishipa laini mno.

Mnyumbuko wa aota hutoka kwenye nyuzi za elastini, ambazo mwili huzitengeneza zaidi utotoni, kisha karibu hauongezi tena. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga mara zaidi ya 100,000 kwa siku. Zidisha kwa miaka 58. Nyuzi hukatika, na nafasi yake huchukuliwa na kolajeni, ambayo ni imara lakini haivutiki. Sigara huharakisha jambo hili, na kisukari zaidi, kwa kuwa sukari huzishikamanisha nyuzi za kolajeni. Tunaupima ukakamavu kwa kasi ya wimbi la mapigo kutoka shingoni hadi kinenani: kwa kijana ni kama mita 6 kwa sekunde, ikizidi 10, tunashtuka.

Nina wasiwasi pia na vijana wanaonyanyua vyuma, na wachukuzi wa magunia. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima wanyanyua vyuma kwa mrija mwembamba ndani ya ateri ya mkono. Wakisukuma uzito kwa miguu yote miwili, wastani ulifika 320 kwa 250. Misuli iliyokazwa hubana mishipa, na pumzi iliyozuiwa kifuani huongeza shinikizo juu yake. Kijana mzima huvumilia. Baba yake mwenye ateri ngumu asijaribu hata mara moja kunyanyua huku amebana pumzi. Aitoe wakati anapoinua.

Mama yule alipima nyumbani kila asubuhi kwa wiki nzima. Wastani ulikuwa 142, na mpaka wa nyumbani ni 135. Presha alikuwa nayo, ila kiti changu kiliificha. Nilimwandikia dawa, na aliponiuliza kama aache ngazi, nilikataa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa wanaume wa makamo waliokuwa hawafanyi mazoezi, baada ya miezi mitatu ya kutembea, ateri zao za shingoni zilirudisha sehemu ya mnyumbuko. Apande taratibu, nikamwambia, na akishindwa kumaliza sentensi asimame. Kifua kikibana, arudi siku ileile.

Sasa hutembea na mjukuu wake kila alfajiri, nusu saa. Miezi mitatu inatimia mwezi ujao, na nitampandisha tena kwenye mashine.