Ardhi Iliyo Chini ya Tuta la Mto

Wanaonunua nyumba au kiwanja nyuma ya tuta la mto huuliza kwanza kimo cha tuta hilo. Swali hilo lafaa, lakini halitoshi.

Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, tetemeko lililoiharibu Kobe, nchini Japani, lilitikisa pia jiji jirani la Osaka. Huko Torishima, karibu na mlango wa Mto Yodo, tuta lilididimia kwa urefu wa takriban kilomita 2, na penginepo likashuka hadi mita 3. Mitaa ya nyuma yake ni ya mabondeni, chini ya kina cha bahari inapojaa. Ilisalimika kwa kuwa maji ya mto hayakuwa mengi majira yale. Hiyo ilikuwa bahati.

Kando ya mito mingi, chini ya tuta, kuna mchanga mlegevu ulioshiba maji. Uzito wa tuta hubebwa na chembe zinazogusana. Ardhi ikitikiswa, chembe hutaka kubanana, lakini maji yaliyo kati yake hayapati nafasi ya kutoka. Shinikizo lake hupanda, chembe huachana, na kwa muda mchanga huwa kama uji. Hapo tuta hutanuka kando, hupasuka na kuzama.

Tetemeko la Machi 2011 liliharibu matuta mahali zaidi ya 2,000 nchini humo, mengine yakiwa yamejengwa juu ya udongo wa mfinyanzi uliodhaniwa kuwa salama. Mfinyanzi ulikuwa umebonyea kwa uzito, na maji yakakusanyika ndani ya tuta lenyewe.

Dawa ni kuiimarisha ardhi, hasa chini ya miguu ya tuta, ili lisitanuke. Mafundi hushindilia nguzo za mchanga hadi udongo ukazane, huchanganya udongo na saruji palepale chini, huweka nguzo za kokoto za kupitishia maji, au hupigilia mabamba ya chuma. Kazi hizo hazizuii kila mdidimio. Lengo ni kilele cha tuta kibaki juu ya maji hadi litengenezwe, nasi twamsihi mnunuzi asiahidiwe zaidi ya hapo.

Basi, kabla ya kutoa fedha, ulizeni ofisi inayosimamia mto: je, ardhi ya chini imepimwa kwa kuchimbwa? Imeimarishwa sehemu ipi? Tazameni pia ramani za zamani, kwani kiwanja kilichokuwa mkondo wa mto au bwawa lililofukiwa huweza kulegea vilevile, hata tuta likisimama imara.

Baada ya tetemeko, msipande tutani kutazama mto. Mkiona kwa mbali nyufa ndefu, au mchanga mbichi uliobubujika pamoja na maji, toeni taarifa siku hiyohiyo. Nyufa msizizibe wenyewe, maana wakaguzi huzisoma.